Mgunga Ulio Katikati ya Ploti

Mwendesha bodaboda ndiye anayejua Lodwar inaishia wapi. Ukimtajia hospitali ya rufaa au Napetet, anakupa bei bila kufikiri. Ukimtajia Nakwamekwi, anauliza kwanza: ya huku kwenye nyumba za mawe, ama ya kule ndani? Nilikuwa nakwenda ya kule ndani. Bei ikapanda mara mbili, naye akanieleza sababu kwa upole: mchanga wa kule hunywa petroli, na wakati wa kurudi hapati abiria.

Alisema kweli. Lami ilipokwisha pikipiki ilianza kuyumba. Tukapita ukuta wa kanisa, tukapita duka la M-Pesa, kisha nyumba zikaanza kuachana. Kila boma lilikuwa na ua wa miiba ya mathenge. Ndani ya ua mlikuwa na chumba kimoja au viwili vya mabati yanayong'aa hadi macho yauma, na kando ya mabati msonge wa makuti ya mikoma, wa mviringo, umefunikwa turubai kuukuu upande unakotoka upepo. Mbuzi walilala kwenye kivuli cha tangi la maji. Nyuma ya boma la mwisho kulikuwa na uwanda wa kokoto, migunga michache, na vilima vyeusi vya mawe ya volkano.

Wageni wengi huiona Lodwar kupitia dirisha la gari. Wanatoka Kitale, karibu kilomita 300 kusini, wanalala hotelini usiku mmoja, asubuhi wanaelekea Ziwa Turkana au Kakuma. Mimi nilitaka kukaa mahali mji unapoanza kujengwa, nione watu wanaanzia wapi. Mwenyeji wangu anafundisha shule ya msingi. Nitamwita Mwalimu, kama majirani zake wanavyomwita.

Boma lake lilijengwa kwa utaratibu ambao baadaye niliukuta katika maboma mengi ya jirani. Kwanza huja ua, kwa sababu ua ndio unaowaambia watu kwamba hapa pana mtu. Kisha ekol, kibanda cha kivuli cha kukaa mchana. Kisha akai, msonge wa kulala na kuweka vyombo. Hivi viwili ni kazi ya wanawake: wao hukata fito, huzipinda, hufunga makuti, na Mwalimu, mwenye cheti cha ualimu na simu yenye intaneti, alimjengea mama yake akai kwa mikono yake mwenyewe likizo ya Agosti. Chumba cha mabati huja mwisho, pesa zikipatikana, na hakijengwi ili kilaliwe. Kinajengwa kwa sababu kina kufuli. Humo huwekwa vyeti vya shule, godoro la wageni, televisheni, gunia la mahindi, sare za watoto. Saa saba mchana hakiingiliki. Joto la mchana Lodwar ni kama nyuzi 35 mwaka mzima, na chini ya mabati huzidi hapo. Usiku nao watu huburuta mikeka na ngozi hadi uani, wakalala nje, upepo ukiwapitia.

Nimesikia watu wa mipango ya miji wakiyaita makazi ya namna hii duni kwa sababu ya makuti. Siafiki hata kidogo. Makuti hupitisha upepo, hupatikana karibu, na anayeyajua hufanya ukarabati asubuhi moja bila kukopa. Anayetaka kupima umaskini wa Nakwamekwi aangalie maji na aangalie karatasi za ardhi. Paa aliache.

Mama yake Mwalimu huitwa ata na kila mtu wa boma hilo, hata na jirani Mkisii anayeuza mitumba. Ni nyanya yao wote. Kiswahili chake ni kidogo, kwa hiyo mazungumzo yetu ya jioni yalipitia kwa Mwalimu, bintiye. Aliponiuliza natoka wapi nikajibu, nami nikamuuliza swali lile lile, akanyoosha mkono kusini, mbali sana, akasema Kapedo.

Kapedo iko upande wa pili wa Kaunti ya Turkana, mpakani na Baringo. Kutoka huko kuja Lodwar ni kupitia Lomelo, Lokori na Lokichar, njia ambayo mtu haianzi kabla ya kuuliza hali ya usalama. Mji wenyewe ni mdogo, ila una kitu ambacho sijakiona kwingine. Chini ya volkano ya Silali maji hutoka ardhini yakiwa moto, hukusanyika, huanguka kwenye genge na kuingia Mto Suguta, ambao nao huelekea kaskazini katika bonde lenye joto kali kuliko karibu bonde lolote la Kenya, hadi Ziwa Logipi. Niliwahi kusimama chini ya maporomoko hayo. Maji yalikuwa ya kuoga bila kuchemsha, yana chumvichumvi, na watoto wa pale walikuwa wakiyachezea kama watoto wa Mombasa wanavyocheza na mawimbi.

Nilipomwambia ata kwamba nimefika huko, alicheka kwa furaha, akaanza kuuliza habari za miti na majabali kana kwamba nimetoka jana. "Maji yetu hayahitaji kuni," alisema. Kisha akanyamaza, na Mwalimu akamalizia hadithi mwenyewe.

Kapedo ni mji unaodaiwa na kaunti mbili, na jamii mbili, Waturkana na Wapokot, zimeuzikia wafu wengi. Mwishoni mwa 2014 karibu askari polisi 20 waliuawa katika shambulio la kuvizia karibu na mji huo, na operesheni iliyofuata iliwafanya wakazi wengi wakimbie na walichoweza kubeba. Januari 2021 kamanda wa kikosi cha GSU aliuawa huko huko, operesheni nyingine ikaja. Baada ya matukio kama hayo kuna familia ambazo hurudi na kuna ambazo hazirudi tena. Ya Mwalimu haikurudi. Mifugo ilikuwa imeibwa, na yeye alikuwa na barua ya kazi ya kufundisha Lodwar. Basi mshahara mmoja ukawa ndio zizi la ukoo mzima.

Hivi ndivyo Lodwar ilivyokua, na ni vizuri kulisema wazi, kwa sababu wapo wanaodhani mji huu ulivimba kwa mafuta na ugatuzi peke yake. Ni kweli kwamba Ngamia 1 ilichimbwa 2012 huko upande wa Lokichar na watu wakaja na matumaini. Ni kweli pia kwamba 2013 Lodwar ikawa makao makuu ya kaunti, zikaja ofisi, benki, hoteli, na kufikia sensa ya 2019 wakazi wake walizidi 80,000. Lakini pembezoni mwake pamejazwa na misiba. Njaa ya 1961 iliwaleta watu kwenye kambi za chakula, na pamoja nao wamishonari wa Kiayalandi waliojenga shule na zahanati. Ukame wa 1979 hadi 1981, ambao Waturkana huuita Lopiar, ulifagia mifugo na kuwaacha maelfu kando ya barabara na mito. Mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo kuanzia mwisho wa 2020, maboma mapya yakaongezeka tena. Serikali ya kikoloni iliiona Lodwar kuwa mwisho wa dunia, ndiyo maana ilimweka Jomo Kenyatta hapa kati ya 1959 na 1961 baada ya kumtoa Lokitaung. Kwa mchungaji aliyepoteza ng'ombe, Lodwar haikuwa mwisho wa kitu chochote. Ilikuwa mahali pa kupumua na kuhesabu waliosalia.

Asubuhi ya Nakwamekwi huanza na mitungi. Kabla ya jua kutoka, wasichana na mama zao huwa tayari wamepanga foleni kwenye kioski cha maji, mitungi ya njano ya lita 20 imesimama kwa mstari, kila mmoja na alama yake: kitambaa chekundu, herufi iliyochongwa kwa kisu, mfuniko wa gunzi la hindi. Bei ya kioskini ni nafuu. Bei ya mwenye punda anayekuletea hadi mlangoni ni mara kadhaa ya hiyo. Mfereji ukikauka, na hukauka, watu hushuka mtoni na kuchimba mchanga hadi maji yajitokeze, wakayachota kwa kibuyu kidogo polepole ili yasichafuke.

Maji ya Lodwar, yale ya mfereji na yale ya mchangani, yanatoka mahali pamoja: mchanga na kokoto za kando ya Mto Turkwel, ambazo hunywa mto unapopita na kuyahifadhi maji chini. Mto wenyewe unatoka mbali, Mlima Elgon na vilima vya Pokot Magharibi, na tangu 1991 unazuiwa na bwawa la Turkwel, lenye ukuta wa mita 153 na mitambo ya megawati 106. Umeme huo ulielekezwa kusini, kwenye gridi ya taifa kupitia Lessos, na kwa miaka mingi Lodwar iliwaka kwa jenereta za dizeli. Mwaka 2013 UNESCO na serikali zilitangaza kwamba kuna hazina kubwa ya maji chini ya ardhi ya Turkana, hasa Lotikipi, karibu na mpaka wa Sudan Kusini. Habari ilizunguka dunia. Visima vilipochimbwa Lotikipi, maji yakaonekana kuwa na chumvi nyingi mno. Mwalimu alikuwa chuoni wakati wa tangazo lile na anakumbuka walivyoshangilia bwenini. Sasa anawafundisha watoto ambao huchelewa darasani kwa sababu ya foleni ya kioski, na hawaadhibu.

Kuna upande mwingine wa maji ambao mgeni haufikirii anapoona vumbi. Kawalase, laga ambayo karibu mwaka mzima ni barabara ya mchanga, mvua ikinyesha vilimani hushuka kwa saa chache na kubeba kila kitu. Nyumba za bondeni huchukuliwa. Watu hujua hatari hiyo na bado hujenga karibu, kwa kuwa ploti zilizo juu zimekwisha kupata wenyewe, na wengi wao wako Nairobi.

Hapo ndipo suala la ardhi linapoingia, na ndilo lililonifanya nikae muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Familia ya Mwalimu ilipofika, haikuanzia kwa chifu. Ata alisisitiza waanzie kwa mzee mmoja ambaye boma lake liko upande wa mto, kwa kuwa eneo lile ni ekwar yake. Kando ya Turkwel, kila kipande cha msitu wa mto kina wenyewe. Ekwar ni haki ya familia kutumia miti ya mahali fulani, hasa migunga, ambayo maganda yake yaliyojikunja hudondoka wakati wa kiangazi na kulisha mbuzi wakati nyasi zimekwisha kabisa. Haki hiyo hurithiwa. Mgeni huomba, na akiomba vizuri hupewa: pitisha mbuzi wako, okota kuni zilizokauka, usikate mti mbichi. Edmund Barrow, mtaalamu wa misitu aliyefanya kazi Turkana miaka ya 1980, aliuandika mfumo huu kwa kina wakati ambapo maofisa wengi waliamini kwamba ardhi ya wafugaji haina mwenyewe na ndiyo maana inaharibika. Ukitembea kando ya mto ule utaona ushahidi kwa macho. Pale ambapo ekwar bado inaheshimiwa, migunga ni mikubwa na kivuli ni kizito. Pale ambapo imevunjwa, kumebaki visiki na mathenge, kile kichaka kilicholetwa kuzuia jangwa na ambacho sasa kinafunga njia na kutoboa magurudumu ya bodaboda.

Mzee huyo alikubali familia ya Kapedo ikae, akaonyesha mipaka kwa fimbo, akaacha njia pana ya mifugo kuteremka mtoni. Chifu alijulishwa baadaye. Hakuna karatasi iliyoandikwa.

Miaka ikapita, mji ukasogea. Siku moja wakaja vijana wenye vyombo vya kupimia, wakapiga bikoni. Bikoni moja iko hatua chache kutoka kwa akai ya ata. Nyingine iko upande wa pili wa mgunga mkubwa, ambao sasa umejikuta katikati ya ploti ya mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Anasemekana kuwa na barua ya ugawaji. Mwalimu ana ua, ana majirani, ana ushahidi wa mzee. Kwa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, ardhi kama hii, kabla haijasajiliwa, huwa mikononi mwa kaunti kwa niaba ya jamii, na jamii ina haki ya kuisajili kwa jina lake. Sheria ni nzuri. Lakini usajili unataka kamati, mikutano, orodha ya wanajamii, ramani, safari za ofisini, na wakati huo huo anayetaka ploti anahitaji mtu mmoja tu wa kumtafutia barua. Inaniuma kusema kwamba mashindano hayo si ya haki, na kila mwezi unaopita bila usajili ni faida ya yule ambaye hajawahi kuchota maji hapa.

Nilikwenda Kakuma nikiwa na swali hilo kichwani. Ni kama kilomita 120 kaskazini-magharibi, kwenye barabara ya kuelekea Lokichoggio. Kambi ilianzishwa 1992 vijana wa Sudan walipowasili kwa miguu, na leo Kakuma pamoja na makazi ya Kalobeyei zina watu wanaokaribia 300,000, wengi kuliko Lodwar mara kadhaa. Huko ni vigumu kusema nani anaishi pembezoni mwa nani. Mturkana wa boma la karibu huingia kambini kuuza kuni, makaa na mbuzi. Msomali wa kambini humuuzia sukari na unga kwa mkopo. Utafiti wa shirika la IFC uliotolewa 2018 ulikuta biashara zaidi ya 2,000 humo.

Kalobeyei ndiko nilikokaa zaidi. Mwaka 2015 jamii ya wenyeji ilikubali kutoa karibu hekta 1,500, na UN-Habitat ikachora mpango wa barabara, shule, masoko na vitongoji kabla nyumba nyingi hazijasimama. Mkongo mmoja kutoka Kivu Kusini alinikaribisha kwa Kiswahili cha Bukavu, akaniita papa, akanionyesha bustani ya sukumawiki na mchicha aliyoilima kwa maji ya kunawia. Nyumba yake ni ya matofali, mtaa wake una namba, njia ya maji ya mvua ilichimbwa kabla ya mvua. Nilimweleza kuhusu bikoni za Nakwamekwi. Alisikiliza, kisha akasema, "Hapa nina namba ya nyumba, papa, lakini udongo si wangu. Yule mama wa kwenu ana udongo, hana namba." Hakuwa na uchungu aliposema hivyo. Alikuwa akipanga mambo mahali pake, na sijapata afisa aliyenieleza hali ya Turkana vizuri kuliko yeye.

Nikajiuliza kwa nini mpango uliowezekana kwa wageni usiwezekane kwa wenyeji. Kalamu za kuchora mitaa zipo. Manispaa ya Lodwar ipo. Miaka ya mzee kuijua ekwar yake, mti kwa mti, ni ramani ambayo hakuna setilaiti inayoweza kuipata. Kinachohitajika ni savea kukaa chini ya mgunga na kumsikiliza kabla ya kupiga kigingi.

Niliporudi Nakwamekwi nilikuta jambo hilo limeanza, bila mimi wala serikali. Majirani walikuwa wamekutana kwenye ekol ya Mwalimu, wanawake wengi kuliko wanaume. Mwalimu alikuwa ameunganisha karatasi kubwa nne za darasani kwa gundi na alikuwa akichora. Ata alikuwa hataki mstari wa njia ya mifugo uwe mwembamba. Jirani muuza mitumba alitaka njia hiyo ipunguzwe ili kioski kipya cha maji kisogezwe karibu. Mabishano yalikuwa makali na ya heshima. Mzee mwenye ekwar akaombwa aamue. Alisimama, akapima kwa hatua zake, akasema njia lazima ipitishe ngamia wawili wenye mizigo wanaokutana, mmoja akishuka na mwingine akipanda, na kioski kikae upande wa juu ambako mafuriko hayafiki. Mwalimu akaandika hatua alizohesabu. Mgunga wa katikati ya ploti ukachorwa mkubwa, na kando yake likaandikwa jina la ukoo wa mzee.

Wakakubaliana kwenda ofisi ya ardhi ya kaunti Jumatatu, wakiwa na chifu, Mwalimu na mzee mwenyewe. Mzee akaongeza sharti moja: mwanawe wa kwanza, anayetengeneza simu mjini na ambaye hakuwa amekanyaga mtoni kwa muda mrefu, afunge kibanda chake siku hiyo na kuandamana nao, kwa sababu miti ile itakuwa yake, na ni lazima ajifunze sasa namna ya kuitaja mbele ya watu wa karatasi.